Mtoto ameshonwa nyuzi tano, bili imefika shilingi 21,650: je, hospitali haipaswi kututajia bei kwanza?

Mama Kheri, Kisauni

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri wa mtu yeyote anayefahamu mambo ya malipo ya hospitali, kwa kuwa tumebaki na deni ambalo hatukulitarajia, na sijui ni wapi pa kulalamikia wala kama nina haki ya kulalamika.

Mwanangu wa miaka tisa alikanyaga chupa iliyovunjika karibu na ufuo hapa Mombasa baada ya magharibi, akapasuka unyayo. Zahanati iliyo karibu nasi hufungwa jioni, damu ilikuwa ikitoka, na mwenye tuktuk akatukimbiza kwenye hospitali ya kibinafsi iliyo karibu zaidi. Mapokezini niliulizwa swali moja tu la fedha, kama tuna bima. Nilijibu kwamba hatuna na kwamba tutalipa taslimu, kisha nikauliza itatugharimu kiasi gani. Niliambiwa kwamba daktari amwone mtoto kwanza, na kwamba malipo yatajulikana mwishoni.

Mtoto alipigwa picha ya eksirei, akatolewa damu ya kupimwa, akadungwa sindano ya ganzi na ya pepopunda, akashonwa nyuzi tano na kufungwa bandeji. Walimhudumia kwa upole na sina neno na wauguzi. Lakini tulipofika kwenye dirisha la malipo tulikabidhiwa bili ya shilingi 21,650. Ndani yake mna 3,500 za kumwona daktari usiku, 4,000 za chumba cha matibabu, 3,850 zilizoandikwa «vifaa» bila maelezo yoyote, 3,500 za kushona, 3,200 za eksirei, 1,400 za maabara, na mengineyo. Mume wangu ni kibarua bandarini na mimi ninapika mahamri ya kuuza asubuhi. Hata tungejua mapema, fedha hizo hatungekuwa nazo usiku ule. Tulichangiwa na majirani, tukalipa 9,000 kwa M-Pesa, na kwa zilizobaki wakachukua kitambulisho cha mume wangu hadi tutakapomaliza deni.

Je, hospitali hailazimiki kumwambia mtu bei kabla ya kumtibu? Je, wana ruhusa ya kukaa na kitambulisho cha mtu? Na je, bili iliyokwisha kutolewa inaweza kupitiwa upya, au ikishachapishwa imepita?

Karani Mstaafu, Tudor

Wa alaykumu salaam, Mama Kheri, na pole kwa kuuguza. Nimefanya kazi ya malipo katika hospitali za kibinafsi hapa mjini hadi nilipostaafu, kwa hiyo nitakueleza jinsi bili kama hiyo inavyojengwa, kwa sababu mtu asiyejua inavyojengwa hawezi kuipinga.

Mgonjwa anapoingia usiku, huduma nyingi huhesabiwa kwa bei ya idara ya dharura, ambayo huwa juu kuliko ya kliniki ya mchana, hata kama jeraha ni dogo. Kisha kila anayemgusa mgonjwa na kila kitu kinachofunguliwa huandikwa peke yake: faili, daktari, chumba, kazi ya kushona, uzi wenyewe, glavu, pamba, dawa ya kusafishia, bandeji. Ndiyo maana jambo ambalo wewe unaliona kuwa moja, yaani kushonwa mguu, kwenye kompyuta ya hospitali ni mambo kumi au zaidi. Hapo hapajawa na wizi. Lakini hapo ndipo makosa yanapoingia, kwa kuwa muuguzi huandika vifaa alivyovitoa kabatini, na si kila kilichotolewa kilitumika, na mara nyingine kifaa ambacho tayari kimo katika bei ya chumba huandikwa tena peke yake.

Jambo la pili wengi hawalijui. Kampuni ya bima huketi na hospitali kabla na kukubaliana bei ya huduma moja moja, na bili ikifika huko kuna watu ambao kazi yao ni kuisoma na kukata wasichokubaliana nacho. Mgonjwa wa taslimu hana mtu wa namna hiyo. Yeye hupewa bei iliyo kwenye orodha, na hakuna anayeisoma bili yake isipokuwa yeye mwenyewe, usiku, akiwa na mtoto anayelia mapajani. Katika miaka yangu yote dirishani hili ndilo lililoniuma zaidi, kwamba mwenye uwezo mdogo ndiye alikuwa hana wa kumtetea.

Kwa hiyo bili yako bado inaweza kupitiwa. Rudi mchana, siku ya kazi, usiende dirishani bali uulizie ofisi ya mhasibu au ya msimamizi wa huduma kwa wagonjwa. Omba bili yenye mchanganuo kamili, inayoonyesha hizo 3,850 za vifaa ni vitu gani, vingapi, na kila kimoja bei gani. Omba pia nakala ya maandishi ya daktari. Linganisha hizo karatasi mbili: kila kilichotozwa lazima kiwe na mahali kilipoagizwa au kilipotumika. Kipimo cha damu ambacho majibu yake hayamo kwenye faili, kwa mfano, hakina sababu ya kulipiwa. Sema kwa utulivu kwamba hukatai kulipa ila unataka kulipa kilichotumika, kisha uombe punguzo kwa kuwa unalipa mwenyewe, na uombe kulipa kwa awamu. Mhasibu ana mamlaka ambayo keshia wa usiku hana.

Mwanasheria, Buxton

Naomba nijibu yale mawili ya kisheria.

Kuhusu bei, Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inampa kila mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, matibabu yanayowezekana, na manufaa, hatari na gharama zinazoambatana na kila njia ya matibabu. Gharama zimetajwa humo waziwazi. Katiba ya 2010 nayo, katika Ibara ya 46, inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na huduma hiyo, na ibara hiyo inawahusu watoaji huduma wa umma na wa kibinafsi sawasawa. Uliuliza bei mapokezini ukaambiwa usubiri mwisho, na jibu hilo halipatani na sheria hiyo. Kwa dharura inayotishia maisha inaeleweka kwamba mkono hutangulia na mdomo hufuata. Lakini mtoto mwenye jeraha la unyayo, aliyekaa akisubiri eksirei, alikuwa na mzazi pembeni ambaye angeweza kuambiwa kila hatua inagharimu nini.

Msichanganye hapo. Ibara ya 43 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya inaweka faini isiyozidi shilingi milioni tatu kwa hospitali yenye uwezo inayokataa kuyatoa. Maana yake ni kwamba hawawezi kukufukuza mlangoni kwa kuwa huna amana ya kutanguliza, wala haina maana kwamba matibabu hayo ni ya bure.

Kuhusu kitambulisho, hicho ni hati ya serikali na Sheria ya Usajili wa Watu inakataza mtu kumnyima mwenzake hati hiyo isivyo halali. Deni la hospitali ni deni la madai kama madeni mengine: mdai ana njia ya mahakama, hana njia ya kushika kitambulisho, sembuse kumshika mgonjwa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani jijini Nairobi kwa kushindwa kulipa, kwamba kuwazuilia kulikiuka haki zao. Mwandikie msimamizi barua fupi ya kudai kitambulisho, utaje tarehe kilipochukuliwa, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Wakikataa, unaweza kupeleka malalamiko kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo ndilo linalosajili hospitali na kuzipa leseni. Haki ya kulalamika na malalamiko yako kuchunguzwa imo pia katika Sheria ya Afya.

Mhudumu wa Afya ya Jamii, Likoni

Bi. Mama Kheri, pole sana. Walionitangulia wamesema ya kweli kuhusu bili iliyokwisha kuja. Mimi nataka tuzungumzie bili ambayo haijaja bado, kwa sababu katika nyumba ninazozitembelea naona watu wengi wanaosema «hatuna bima» wakati kuna huduma wanazostahiki bila kutoa chochote, ila hawajajisajili.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya NHIF iliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, hii tunayoiita SHA, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2023. Wengi wamesikia habari za makato ya asilimia 2.75 ya mshahara wakadhani kwamba asiye na mshahara hana lake humo. Sheria hiyo iliunda mifuko mitatu, na mmoja wao ni Mfuko wa Huduma za Afya ya Msingi, unaogharamiwa na serikali. Huo hulipia matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya vilivyoingia mkataba na SHA, yaani ngazi ya 2 na ya 3, na mgonjwa hahitaji kuwa amelipa michango. Anahitaji kuwa amesajiliwa tu. Usajili hufanywa kwa simu yoyote kwa kubonyeza *147#, na watoto huandikishwa chini ya mzazi. Kidonda, homa, kikohozi, kusafisha jeraha na kutoa nyuzi, vyote vinaanzia hapo.

Najua utaniuliza: na usiku je, zahanati ikiwa imefungwa? Hapo ndipo penye pengo, na sitalifunika. Zahanati zetu nyingi hufungwa jioni, mara nyingine dawa hukosekana, na mtoto hachagui saa ya kukanyaga chupa. Usiku zinazobaki ni hospitali za kaunti kama Tudor, Port Reitz na hii yetu ya Likoni, pamoja na Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi bado wanaiita Makadara. Hizo ziko ngazi za juu, kwa hiyo hapo utalipa ada, au utatumia ule mfuko wa pili wa SHA, ambao ni wa waliolipa michango. Lakini ada za hospitali ya umma kwa kushona jeraha haziko hata karibu na shilingi 21,650. Foleni ni ndefu na utakaa, hilo ni kweli.

Mchango wa asiye na mshahara hukadiriwa kwa maswali kuhusu hali ya nyumba, hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa kima cha chini hiyo ni shilingi 3,600. Kwa kibarua anayelipwa kwa siku, kutoa fedha hizo kwa mkupuo mmoja ni kazi ngumu, na mimi nimewaambia wakubwa wetu mikutanoni kwamba sharti hili la mwaka mzima linawafungia nje watu walewale waliokusudiwa. Akina mama wa mtaani kwangu wametenga sehemu ya fedha za chama chao kwa ajili hiyo: kila mwezi mmoja wao hulipiwa mwaka wake, kama wanavyopeana fedha za mchezo.

Tabibu, Changamwe

Nina kliniki ndogo, kwa hiyo naomba nisikike upande wa pili pia, kisha niseme jambo moja la kitabibu ambalo naona ni muhimu kuliko yote.

Kuwa na muuguzi, tabibu na mtu wa eksirei macho usiku kucha, na jenereta tayari umeme ukikatika, ni gharama inayolipwa hata usiku ambao hakuna mgonjwa anayefika. Isitoshe, hospitali nyingi za kibinafsi zimelalamika hadharani kwamba zinadai malimbikizo tangu enzi za NHIF, na kinachokosekana huko hutafutwa kwa mgonjwa wa taslimu. Nasema hivyo ili mjue shinikizo linatoka wapi. Haliondoi wajibu wa kutaja bei. Kwangu bei za huduma za kawaida zimebandikwa ukutani, kwa Kiswahili, na mgonjwa husomewa kabla sijavaa glavu.

Kuhusu matibabu yenyewe, Mama Kheri, usione kwamba kila kitu kilikuwa cha kukukamua. Jeraha la chupa hustahili eksirei, kwa sababu kipande cha kioo kilichobaki ndani huonekana kwenye picha, na kikiachwa huleta usaha. Sindano ya pepopunda nayo ilikuwa ya lazima ikiwa mtoto hakuwa na chanjo ya karibuni. Kipimo cha damu kwa mtoto mwenye afya aliyeumia unyayo tu ndicho ambacho ningekiuliza.

Na jambo lenyewe ni hili: jeraha kama hilo huwa lina muda. Likandamize kwa kitambaa safi bila kuachia kwa dakika kumi hadi kumi na tano, mguu ukiwa umeinuliwa juu kuliko moyo. Damu ikikoma, una saa kadhaa za kufika hospitali unayoichagua wewe, na kushonwa kwake hakutaharibika kwa kuwa ulivuka Daraja la Nyali. Damu isipokoma, au ikiwa inaruka kwa mapigo, au mtoto hahisi vidole au hawezi kuvikunja, usiangalie bei. Nenda palipo karibu.

Bin Said, Majengo

Ndugu zangu, tatizo hili halipo kwetu tu. Kaka yangu anaishi Marekani na aliwahi kunieleza kwamba huko, tangu tarehe 1 Januari 2022, kuna sheria inayoilazimu hospitali kumpa mgonjwa asiye na bima makadirio ya gharama kwa maandishi anapopanga matibabu au anapoyaomba, na bili ikizidi makadirio hayo kwa dola 400 au zaidi, mgonjwa anaweza kuipeleka ipatanishwe ndani ya siku 120. Nilipomsimulia kisa hiki alisema kwamba hata hivyo sheria hiyo humsaidia zaidi aliyepanga siku ya kwenda, na humsaidia kidogo sana anayeingia usiku damu ikimtoka. Nimeitaja kwa sababu ya kile kiwango cha dola 400. Sheria yetu inasema mgonjwa aelezwe gharama, lakini haisemi afanyiwe nini aliyeelezwa moja akatozwa tatu. Wawakilishi wetu wa kaunti wangeweza kuanza na jambo dogo, kwamba kila hospitali inayofanya kazi Mombasa ibandike mapokezini bei za huduma ishirini zinazotumika zaidi.

Mama Kheri, Kisauni

Nawashukuru nyote, Mungu awalipe kheri. Nimerudi hospitali pamoja na mume wangu, mchana, kama nilivyoelekezwa na Mzee wa Tudor. Mhasibu alitupokea vizuri. Mchanganuo ulionyesha kwamba vifaa vya kufungia vidonda vimeandikwa mara mbili, na majibu ya kipimo cha damu hayakupatikana kwenye faili, kwa hiyo walifuta 1,400 za maabara na 1,850 za vifaa. Deni limeshuka kutoka 12,650 hadi 9,400, na wamekubali tulipe 2,350 kila mwezi kwa miezi minne. Kitambulisho tumerudishiwa baada ya kuonyesha barua, bila ugomvi. Jioni hiyohiyo tumejisajili SHA sote pamoja na watoto.

Swali langu la mwisho: makubaliano haya tumeyafanya kwa mdomo. Je, yanatosha? Na wametuambia turudi kwao mtoto atolewe nyuzi, nami naogopa bili nyingine.

Karani Mstaafu, Tudor

Nimefurahi sana, binti yangu. Kwa mdomo hayatoshi, kwa sababu mhasibu huyo anaweza kuhamishwa na atakayekuja ataona 12,650 kwenye kompyuta. Omba barua ya ukurasa mmoja yenye jina la mtoto, namba ya faili, kiasi kipya cha 9,400, tarehe za awamu nne, na maneno kwamba hakuna nyongeza itakayotozwa mkilipa kwa wakati. Isainiwe na igongwe mhuri. Lipeni kwa namba ya malipo ya hospitali pekee, kamwe si kwa simu ya mfanyakazi, na msifute ujumbe wa M-Pesa hata mmoja. Mkimaliza awamu ya nne, ombeni risiti inayosema deni ni sufuri.

Kuhusu nyuzi, ulizeni kama kuzitoa kumo katika zile 3,500 za kushona, kwa maana hospitali nyingi huihesabu kazi hiyo humo. Wakisema hakumo, mpeleke zahanati yenu ya mtaa asubuhi, ukiwa na karatasi ya daktari inayoonyesha tarehe aliyoshonwa na idadi ya nyuzi. Za unyayo huachwa muda mrefu kuliko za uso, kwa kawaida siku kumi hadi kumi na nne, kwa hiyo mkague kidonda kila siku, na kikivimba au kutoa usaha msingoje tarehe.